Mkono Uliokataa Saa

Kiama alijua nimevua saa kabla sijamwambia mtu yeyote.

Yeye alikuwa Magadi, kwenye nyumba za kampuni, kule ambako joto linapasha kufuli ya mlango mpaka haishikiki. Mimi nilikuwa Kitengela, chumba kimoja nyuma ya kanisa, mimi na binti yangu Mbeke. Kati yetu kulikuwa na nyika nzima ya Kajiado. Lakini ile saa aliyoninunulia ilikuwa inahesabu mapigo ya moyo wangu na kuyapeleka kwa simu yake, na kila jioni akitoka zamu alinitumia ujumbe: "Leo moyo wako ulikimbia saa nne asubuhi. Nani alikutisha?" Namjibu, "Supavaiza." Ananiandikia kicheko, na mimi nacheka peke yangu nikichagua mchele, mpaka Mbeke ananiuliza kama mchele umesema kitu.

Hata leo, miaka imepita, nikiona mwanamke amevaa saa za aina hiyo, vile vioo vyeusi vya mraba, naangalia kwanza ngozi iliyo pembeni ya mkanda. Halafu ndipo namwangalia uso.

Tulijuana darasani. Yalikuwa masomo ya jioni, ya watu wazima waliokatiza shule, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Harufu ya rangi na misumari mipya ilipanda ngazi pamoja nasi. Mimi niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba ya Mbeke. Kiama alikuwa amemaliza, ila hesabu ilimwangusha, na bila hesabu asingechukuliwa kwa ufundi kule Magadi. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu wawili. Ndiyo maana niliijua mikono yake kabla ya kuujua uso: vidole virefu, kucha zimekatwa vizuri, kidole cha shahada kikifuata mstari polepole ili nisiachwe nyuma.

"Mbona huna herini?" aliniuliza jioni moja, macho yake yakiwa kwenye hesabu. "Masikio umetoboa na hakuna kitu."

"Nyanya yangu alikataza."

"Alikataza aje?"

"Alisema masikio yangu ni ya kusikia, si ya kuning'iniza vitu."

Alicheka mpaka Mwalimu Githinji akauliza kama kuna kitu cha kuchekesha kwenye eneo la pembetatu.

Ukweli sikumwambia. Kila herini niliyowekwa utotoni kule kwetu Mbooni ilinitoa maji, halafu usaha, mpaka nyanya akazitupa zote chooni na kunitia vijiti vya ufagio, viwili vidogo, akivibadilisha kila Jumapili kabla ya kanisa. Watoto waliniita Mama Ufagio. Sikutaka mwanamume mwenye mikono ile aniite hivyo, hata kwa mzaha.

Saa aliileta Pasaka. Alifika viatu vyake vikiwa vyeupe kwa vumbi la magadi, akanivuta nyuma ya mabanda ya kuku ya mamake, mahali ambapo hakuna mtu wa kutuona isipokuwa kuku wenyewe.

"Leta mkono."

"Kuna nini?"

"Wewe leta tu."

Mgongo wa saa ulikuwa chuma kitupu. Ulilala juu ya mshipa wangu ukiwa wa baridi kama sarafu iliyotolewa majini, na yeye akafunga mkanda akiwa ameshika pumzi, kama mtu anayemfunga mtoto viatu vya kwanza.

"Sasa hata nikiwa kule nitajua."

"Utajua nini?"

"Kama unaishi."

"Na kama nimekufa?"

"Nitakuja nikuulize mbona hukuniambia." Kisha akaacha kucheka. "Usiitoe, Nthenya. Hata ukioga. Nimeuliza, maji haiiharibu."

Sikuitoa, isipokuwa kuichaji. Nilioga nayo, nikafua nayo, nikalala nayo. Nilikwenda nayo Isinya kwenye shamba la maua, ndani ya zile nyumba za plastiki ambamo saa tano tu jasho linakutiririka mpaka kwenye viwiko, na juu yake nikavuta glavu. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kuwasha. Ya tano ikatoa vipele vidogo vyenye maji. Mwezi wa pili nilikuwa na duara, ukubwa wa shilingi ishirini, jekundu pembeni na lenye magamba katikati.

"Hiyo ni mashilingi," Dolphine akasema. Dolphine alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tunapanga maua meza moja, na hakuna ugonjwa alioona akakosa kuupa jina. "Umetoa wapi? Kwa mtoto?"

"Mbeke hana kitu."

"Basi ni kwa kuku za mama mkwe. Paka kitunguu saumu, usiogope kuchomeka. Ikichoma ndio inakufa."

Nilipaka kitunguu saumu. Nikapaka dawa ya mashilingi, ile ya choa, kutoka duka la dawa, asubuhi na jioni. Halafu nikavaa saa juu yake.

Mtu anaweza kuniuliza: kwani hukuona kwamba duara liko palepale saa inapokaa? Niliona. Lakini herini za utotoni zilikuwa vitu vya kumwagwa kwa gunia sokoni, na hii ilikuwa zawadi ya Kiama. Vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwangu.

Aliyeniumiza zaidi ya saa ni mamake. Mama Wahu, ambaye Kiama humwita Maitu, alikuwa mjane anayefuga kuku wa mayai kwenye ploti aliyoachiwa na mumewe, na mimi Jumamosi nilikuwa naenda kumsaidia kupangusa mayai, kwa sababu msichana anayetaka kuolewa hakai nyumbani akipaka miguu mafuta. Hakuwa ananipenda sana. Mtoto wa mtu mwingine, kabila lingine, kazi ya kusimama siku nzima. Lakini alikuwa amenizoea. Siku hiyo nilimpa trei, mkono wa sweta ukapanda. Akautazama mkono. Akanitazama uso. Akaichukua ile trei kwa ncha za vidole.

"Weka kitambaa chini, mama Mbeke," akasema. "Mayai ni ya watu."

Chai ilipokuja, Mbeke na mimi tulipewa vikombe vyetu peke yetu, vya plastiki. Binti yangu alifurahi kwa sababu chake kilikuwa cha bluu. Mimi nilikunywa ile chai nikiangalia majani yaliyobaki chini.

Jumanne iliyofuata, kwenye choo cha shamba, nilifungua mkanda na ngozi ikatoka pamoja na saa. Nikaifunga kwenye leso. Sikuivaa tena.

Kiama alipiga simu siku ya kumi na moja.

"Saa imeharibika?"

"Hapana."

"Ni chaji?"

"Eh, ni chaji. Nilisahau."

"Siku kumi na moja, Nthenya?"

Nilimsikia akipumua. Nyuma yake kulikuwa na feni, ile feni yao ya chumbani inayolia kama inalalamika.

"Nilidhani umeanguka," akasema. "Siku ya kwanza nilidhani umeanguka. Nikapigia Dolphine, akaniambia umekuja kazi, uko sawa, umecheka hata. Nikakaa. Nikasema nitangoja aniambie mwenyewe. Ni nani huyo hataki uvae saa yangu?"

"Hakuna mtu."

"Basi vaa."

"Nitavaa."

"Vaa sasa. Niko na simu hapa, nione."

Ningesema nini? Kwamba kitu alichokitolea jasho lake kwenye joto lile kinanila mkono? Kwamba mamake ameshaanza kunawa mikono nikitoka? Nilifikiri nikimwambia saa yake inaniumiza, atasikia ni yeye ninayemkataa.

"Nakuja Jumapili ijayo," akasema mwishowe. "Maitu ananiambia mambo. Nataka unijibu nikikuona. Ile Jumamosi ya kufuata si tunafaa kuenda kwenu?"

Ndiyo, tulifaa kwenda kwetu. Mamake, mjomba wake na wazee wawili wa kanisa walikuwa waende Mbooni kujulikana nyumbani, na baba yangu alishafunga mbuzi pembeni. Kwetu safari kama hiyo ikivunjwa mara moja, si rahisi ipangwe tena. Na msichana mwenye mtoto, baba yake hapangi mara mbili.

Jumatatu Dolphine akashika zamu yangu, nikaenda Kajiado, kwenye kliniki ya ngozi. Kwenye benchi nilikaa karibu na bibi mmoja Mmasai, mikono yake yote miwili imejaa bangili kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko, za chuma na za shanga.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko, koko," nikamwitikia nyanya yule kwa Kimasai.

"Nini imekula mkono?"

"Saa, nafikiri."

Akainua mikono yake, bangili zikateremka zikilia. "Mimi nimevaa hii tangu niolewe. Ng'ombe imekufa, mzee amekufa, hii iko." Akashika mkono wangu bila woga, akaugeuza kwenye mwanga. Alikuwa mtu wa kwanza kuugusa kwa miezi. "Mkono yako inachagua," akasema. "Sio mbaya kuchagua."

Daktari alikuwa kijana wa kwetu, jina lake Muema. Hakuniuliza habari za kuku wala za mtoto. Aliniuliza, "Herini zilikuwa zinakusumbua ukiwa mdogo?" na mimi, pale kwenye kiti cha plastiki, nikamkumbuka nyanya na vile vijiti vyake.

Alinibandika vibandiko mgongoni, safu mbili, kila kimoja na kitu chake.

"Usioge mgongo mpaka Jumatano. Na usitoe jasho."

"Nafanya kazi kwa maua, daktari."

"Basi toa jasho kidogo."

Jumatano akavitoa. Ijumaa nikarudi aangalie. Mgongo mzima ulikuwa safi isipokuwa mahali pamoja palipovimba na kuwasha.

"Nikeli," akasema. "Ni chuma. Wanachanganya kwa saa, kwa herini, kwa vifungo vya jinzi. Ukitoa jasho inatoka kidogo kidogo inaingia kwa ngozi. Ngozi ikishaikataa, ni ya maisha. Dawa hii itakukausha hapo, lakini hiyo saa usivae tena."

"Na si ya kuambukiza?"

"Hata umkumbatie mtu mwaka mzima."

"Niandikie hiyo."

"Ya kukumbatia?"

"Ya kutoambukiza, daktari."

Alicheka, akaandika, akapiga muhuri.

Jumapili, saa tisa alasiri, niliingia kwa lango la Mama Wahu. Mbeke nilimwacha na Dolphine. Nilivaa gauni la mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali, na ndani ya mkoba nilikuwa na leso na karatasi ya daktari.

Mama Wahu alikuwa amekaa kwenye stuli barazani, bado na kitambaa cha kanisani kichwani, trei za mayai upande huu na upande huu, akipangusa. Jumapili haikuwa inazuia kuku kutaga. Kiama alikuwa amesimama akiegemea nguzo. Amekonda. Midomo imepasuka kwa joto la kule. Aliponiona alisogea hatua moja kama aliyesahau kwamba tumekosana, halafu akakumbuka, akarudi kwenye nguzo.

Nakumbuka ile hatua. Nimeolewa, nimezaa tena, nimeona mengi mazuri, lakini nikitaka kujua kama niliwahi kupendwa narudi kwenye ile hatua moja.

"Habari ya kanisa, mama?" nikasalimia.

"Nzuri. Keti kiti kile, mama Mbeke." Kiti chenyewe kilikuwa karibu na mlango wa stoo, mbali na mayai.

Nikaketi.

"Iko wapi?" Kiama akauliza.

Nikafungua leso, nikaiweka saa kwenye meza ndogo. Akaichukua, akabonyeza. Kioo kikawaka.

"Kumbe ni nzima."

"Ni nzima."

"Na chaji iko."

"Niliichaji jana. Nilikudanganya, Kiama. Haikuwa chaji."

Mama Wahu hakuinua uso. "Nilikwambia," akamwambia mwanawe. "Mwanamke akianza kutoa kitu ya mume kwa mkono, roho ilitoka kitambo. Saa ni ya mwisho kutoka."

"Maitu, ngoja."

"Nimengoja. Mimi Jumamosi siendi Ukambani. Nasema akiwa hapa, asiseme nilimsengenya. Niko na mayai ya watu, niko na wajukuu, watoto wa dada yako, wanakuja hapa. Siwezi kuleta mtu ako na ngozi hiyo, na juu ya hiyo hata hataki mtoto wangu."

"Ngozi gani?" Kiama akauliza.

"Kwani hujaona? Muulize akuonyeshe. Ama hata hiyo alikuficha."

Kiama aligeuka kunitazama. Nikavuta tu mkono wa gauni juu.

Alikuja akachuchumaa mbele yangu. Lile duara lilikuwa limeanza kukauka lakini bado lilikuwa na rangi ya nyama, na pembeni yake ulionekana mstari wa ukingo wa saa, wazi kama mchoro.

"Nani alikufanyia hii?"

"Wewe."

Uso wake ulibadilika, nami nikaharakisha. "Sio wewe. Saa. Iko na chuma mgongoni inaitwa nikeli, ngozi yangu haiitaki. Nimeenda Kajiado, nikapimwa mgongoni, wakaiona. Hata herini zilikuwa zinanifanya hivi nikiwa mtoto. Ile stori ya nyanya kukataza, nilikudanganya pia."

"Kutoka lini?"

"Kutoka Pasaka. Wiki tatu baada ya Pasaka."

"Tuko mwezi wa nane."

"Najua."

"Unaungua miezi hiyo yote na kila jioni unaniambia ni supavaiza?"

"Ulisema nisiitoe."

"Nilisema usiitoe, sikusema uive." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Alishika vidole vyangu, si kifundo, vidole tu, kama anayeogopa kuongeza maumivu. "Nthenya. Unafikiri mimi ni mtu wa kupenda saa kuliko mkono?"

"Ulikuwa unafurahi. Kila jioni ulikuwa unafurahi, mimi naona vile unaandika. Nikasema, hii ndiyo zawadi yake ya kwanza kwangu. Nikiitoa atasema nimemtoa."

"Na si nilisema hivyo hivyo," akajibu polepole. "Nilikupigia simu nikasema hivyo hivyo."

Nikampa karatasi. Aliisoma kimya, halafu akaisoma tena kwa sauti, akiwa amemwelekea mamake, neno kwa neno, kama tulivyokuwa tukisoma juu ya lile duka. "Si ugonjwa wa kuambukiza. Unatokana na ngozi kukataa chuma aina ya nikeli. Maitu, umesikia?"

Nilimtazama Mama Wahu nikitarajia uso mgumu, au neno la kunimaliza. Lakini alikuwa ameshika yai moja ndani ya kitambaa na alikuwa halipangusi. Kuku walipiga kelele kidogo upande wa pili, wakanyamaza.

"Hiyo chuma," akasema. "Inaitwa nini tena?"

"Nikeli, mama."

"Inaweza kuwa kwa pete?"

"Daktari alisema inaweza. Pete za bei rahisi sana sana. Zile zimepakwa rangi ya dhahabu juu."

"Inafanya kidole aje?"

"Inawasha kwanza. Halafu inatoa maji."

"Na ukitoa pete?"

"Inapona."

"Na ukirudisha?"

"Inarudi, mama. Haiachi."

Aliliweka lile yai kwenye trei. Alilikosea tundu mara ya kwanza, likagonga la jirani yake, na mwanamke huyu sijawahi kumwona akivunja yai. Kisha akauweka mkono wake wa kushoto juu ya paja, vidole vimefunguka, akauangalia.

"Baba yako alinivalisha pete kanisani," akamwambia Kiama, ingawa macho yake hayakutoka kwenye ule mkono. "Ndung'u hakuwa na kitu wakati huo. Alikuwa anabeba mawe ya kujengea watu. Lakini akasema mke wake hawezi olewa bila pete, akatafuta. Ilikuwa inang'ara, wewe. Wasichana wote walikuja kunishika mkono."

"Sijawahi kuona pete yako, Maitu."

"Utaonaje? Nilivaa miezi mitatu. Kidole ikafura, ikatoa maji, nikawa naamka nikijikuna mpaka damu. Nikaenda kwa mama za kanisa wakaniambia pete hukataa mwanamke ako na kitu anaficha. Walikuwa wanasema hivyo siku hizo. Nikajiuliza naficha nini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ningeficha nini? Lakini ukiambiwa hivyo na watu wazima unaanza kutafuta, na ukitafuta hukosi." Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Kuna kijana alikuwa ameniandikia barua kabla ya Ndung'u. Moja. Nikasema basi ni hiyo barua."

Kiama aliikunja ile karatasi.

"Ulimwambia baba?"

"Nilimwambia pete inanibana. Akasema ataipeleka ipanuliwe. Nikasema wacha tu. Akanitazama. Hakuniuliza tena mpaka akafa. Lakini kanisani, tukisimama kuimba, wanaume wengine walikuwa wanashika bibi zao mkono. Yeye alikuwa anashika kitabu, kwa mikono miwili." Alikunja vidole vyake, akavikunjua. "Miaka ishirini na sita. Alidhani nilimkataa. Na mimi nilidhani hata Mungu amenikataa. Kumbe ni nini ulisema?"

"Nikeli, mama," nikasema.

"Nikeli." Alilitamka kama jina la mtu aliyemwibia huku yeye akimkalisha mezani kwa chai.

Sikujua kama ninafaa kuinuka. Hakuna aliyenifundisha cha kumfanyia mama mkwe anapolia bila kutoa sauti, machozi yakishuka hadi kwenye aproni yenye manyoya ya kuku. Kiama aliinuka kwenda kwake, lakini yeye akamzuia kwa kiganja.

"Wewe kaa. Wewe huna makosa, ni vile tu una haraka ya kudhani umekataliwa, kama babako." Akanigeukia. "Kuja hapa."

Nikaenda. Nikapiga magoti kando ya stuli. Alinishika mkono, ule wenyewe, akauvuta karibu na macho yake kwa sababu miwani ilikuwa ndani ya Biblia na Biblia ilikuwa ndani ya nyumba. Akapitisha kidole gumba pembeni ya duara, taratibu, akilizunguka lote. Nilisikia magaga ya kidole chake kwenye ngozi yangu mpya.

"Inauma?"

"Sasa inawasha tu."

"Usikune. Mimi nilikuna nikaharibu." Akashusha mkono wa gauni langu mwenyewe, akaunyoosha. "Nilikufanyia vibaya na mambo ya vikombe."

"Hukujua, mama."

"Nilijua. Hiyo ndiyo mbaya. Nilikuwa najua vile kunakuwa kuangaliwa mkono, na bado nikakuangalia." Alipangusa uso na upande safi wa aproni. Kisha, kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuwaagiza watu: "Kiama."

"Eh."

"Pete yake utanunua ya nini?"

Alinitazama, akamtazama mamake. "Bado sijafika huko, Maitu. Si umesema huendi?"

"Sijakuuliza kama naenda. Nimekuuliza pete. Ukimletea ya kung'ara tu, nitaitupia kuku. Uende kwa huyo daktari na akwambie chuma gani haina hiyo maneno. Na kama hakuna, basi muoane bila. Mkono utashikwa hata kama ni mtupu."

"Sawa."

"Na hiyo barua ya daktari nipatie. Kuna mama mmoja wa kanisa bado anaishi. Nataka mtu amsomee."

Kiama alicheka kwanza, halafu mimi, na Mama Wahu akatikisa kichwa kama anayetukemea. Jua lilikuwa limeingia barazani, limefika kwenye trei, mayai yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi bado nilikuwa nimepiga magoti, na yeye alikuwa hajauachilia mkono wangu.

"Jumamosi tunatoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi," Kiama akasema. "Mbooni ni mbali."

"Saa kumi na moja. Sitaki kufika kwa watu jua likiwa kichwani." Akanitazama. Alinitazama vizuri, kwa muda mrefu, kama vile miezi yote hiyo alikuwa akiuangalia mkono tu na sasa ndio ameona una mtu. "Na mama yako anaitwa nani? Siwezi enda kuomba mtu kwa mama sijui jina."

"Anaitwa Kalunde."

"Karunde," akasema, ulimi wake ukiikosa ile l, akajaribu tena polepole, akitaka lishike. "Karunde."

Sikumrekebisha. Nilikaa pale chini nikimsikiliza akijifunza hilo jina.